Sauti Yangu Kwenye Gari la Matangazo

Wewe uliyefungua furushi hili,

Nakusihi, kabla hujasoma mstari wa pili, tazama kama kuna mtu nyuma yako. Kama yupo, lirudishe daftari ndani ya sweta kama nilivyolifunga mimi, ulisome ukiwa peke yako. Yaliyomo usimsimulie mtu yeyote, si mkubwa wako, si mwenzako wa zamu, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Nina kazi ambayo nikiipoteza sitajua chochote tena, na kuna mzee mmoja, fundi wa nguo, ambaye kosa lake ni kunionea huruma. Nilipokuwa naandika sikukufikiria wewe. Niliandika ili nisipige kelele. Sasa nakutegemea, na hata sijui kama wewe ni kaka au dada. Soma mpaka mwisho. La kufanya liko huko.

*Jumatatu, 6 Aprili*

Amri ya kukaa ndani imeanza leo. Mimi sikai ndani. Ofisi ya manispaa imefungwa, tumebaki watatu: Katibu, ambaye sote tunamwita Mama, dereva wa gari la matangazo, na mimi, karani wa masjala. Mama amesema amenichagua kwa sababu sina familia. Ninaye bibi yangu, ndiye aliyenilea na ndiye ninayeishi naye. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona si adabu kumkatiza mkubwa akiwa anaongea.

Meza yangu imehamishiwa chumba cha mbele, kwenye simu ya namba ya bure. Nimeipangusa kwa dawa mpaka namba zake zimeanza kufutika. Dereva amenichungulia dirishani akasema, "Msomi, hiyo simu ukiendelea kuiogesha itapata mafua."

Sikucheka. Simpendi sana yule mtu. Hakuna jambo ambalo halifanyii mzaha.

*Jumanne, 7 Aprili*

Mvua kutwa. Simu haikulia.

*Alhamisi, 9 Aprili*

Leo nimerekodiwa. Mama anataka tangazo liwe la sauti moja, lirudiwe mitaa yote, na amesema Kiswahili changu kimenyooka. Maneno aliyonipa yalikuwa makali: anayeficha mgonjwa atashtakiwa, na anayemsaidia kumficha naye atashtakiwa. Nikajikaza.

"Samahani, Mama. Tukianza na vitisho, watu watafunga milango."

Akanitazama juu ya miwani. "Haya, lainisha basi. Lakini vitisho visitoke."

Nikavipeleka mwisho. Mwanzoni nikaandika haya: *Ndugu yangu, kama una homa au unakohoa, usiogope. Njoo. Toka mlangoni kwako, tutakupokea vizuri.* Neno "njoo" halikuwepo, niliongeza mimi. Tulirekodi kwenye stoo ya mafaili ya zamani, tukiwa tumetundika mapazia ili sauti isirudi. Dereva ndiye aliyeshika kinasa sauti.

"Msomi," akasema tulipomaliza, "hapa unatangaza au unaposa?"

Jioni nilimkuta bibi kibarazani, uso unang'aa. Masikio yake yalianza kuzimika tangu nikiwa shuleni. Kumwambia kitu ni lazima uinamie sikio la kulia na upaze sauti. Lakini kipaza sauti cha gari alikuwa amekisikia.

"Leo nimekusikia, mume wangu! Neno kwa neno!" Kisha akamgeukia Fundi, jirani yetu, ambaye chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta wa mbao. "Umemsikia mume wangu, wewe?"

"Nimemsikia," Fundi akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Anaita wanawake wa mtaa mzima, njoo, njoo. Mchunge, bibi. Utaibiwa."

"Nani anaweza kuniibia? Wewe mjane ndiye unayenitamani."

Wamekuwa wakitaniana hivyo tangu nikiwa mdogo. Namwona Fundi kama mtu wa kuchungulia mambo ya wenzake, lakini bibi anamfurahia.

*Jumapili, 12 Aprili*

Nimefua barakoa zote mbili. Mvua.

*Jumatano, 15 Aprili*

Sasa simu inalia. Wanaopiga ni watu ambao ndugu zao wamechukuliwa. Wanauliza swali moja: yuko wapi? Mama amenipa jibu nisilopaswa kuliongeza wala kulipunguza: "Tumelipokea swali lako. Tutakujulisha. Usiogope." Kisha swali nalipeleka kwa Mama, naye hulipeleka juu. Swali linapanda, jibu halishuki. Leo mwanamke mmoja alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga tena jioni. Mara ya mwisho hakuuliza. Yeye mwenyewe alianza, "Tumelipokea swali lako," akanisomea jibu lote hadi mwisho, kwa sauti kama yangu, akakata.

*Jumatatu, 20 Aprili*

Bibi amekohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu.

"Mchuzi umenipalia," akasema.

"Bibi, hatujala mchuzi."

Akacheka. Mimi niliacha kula.

*Jumanne, 21 Aprili*

Mvua kubwa. Amekohoa asubuhi na jioni. Kila msimu wa mvua huwa anakohoa. Naandika tena ili nisome kesho: kila msimu wa mvua huwa anakohoa.

*Ijumaa, 24 Aprili*

Mvua, namshukuru Mungu. Ikinyesha, bati linapiga kelele na hakuna anayesikia kitu. Ikinyesha sana hata gari la matangazo halitoki, wala gari la wagonjwa linalolifuata nyuma. Ndivyo wanavyofanya sasa: sauti yangu inatangulia, gari jeupe linafuata. Anayetoka anapakiwa hapohapo.

Leo asubuhi, bombani, Fundi alisimama mbali na ndoo yake.

"Karani, mkeo anakohoa."

"Ni baridi, Fundi."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekwambia tu kwamba mvua ikikatika, ule ukuta ni mbao. Na dirisha lenu linatazama barabara."

Nikabeba ndoo yangu ikiwa nusu. Nimekaa ofisini kutwa nikiwaza ni lini atapiga namba ya bure, na nitamjibu nini nikipokea.

*Jumapili, 26 Aprili*

Mvua imekatika. Kimya kimetanda mtaa mzima hata unasikia jirani akiweka kijiko. Bibi alipoanza kukohoa nilimziba mdomo kwa shuka. Mkono wangu, mdomoni kwa bibi yangu. Ndipo cherehani ya Fundi ikaanza kunguruma, kwa kasi, kama mtu anayekimbizwa. Alipotulia bibi, nayo ikatulia. Alipokohoa tena, ikanguruma tena.

Nilitoka nikamchungulia. Cherehani haikuwa na uzi. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka juu ya chuma kitupu, na mzee anakanyaga, jasho linamtoka.

"Nenda ndani," akasema. "Nina oda nyingi."

*Alhamisi, 30 Aprili*

Wamemchukua mke wa kinyozi wa kona. Alitoka mwenyewe. Mchana mumewe alipiga simu.

"Wewe si yule kijana wa nyumba ya Fundi? Mke wangu yuko wapi?"

"Tumelipokea swali lako—"

"Nimekunyoa tangu hujaota jino la mbele. Kichwa chako nakijua kwa kupapasa. Niambie tu, yuko wapi?"

Mlango wa Mama ulikuwa wazi. Nikamalizia: tutakujulisha, usiogope. Nikamsikia akipumua. Lolote ambalo angeniambia, nililistahili.

Kwa hiyo bibi haendi. Nimeamua. Akienda huko, mimi ndiye nitakayekuwa upande ule mwingine wa simu, na najua upande huu kuna nini. Hakuna kitu.

*Jumatatu, 4 Mei*

Jua kali. Bibi anakula vizuri, homa hana, kikohozi tu. Nimemzuia kukaa kibarazani. Nampa ishara: kidole mdomoni, kisha nauonyesha mlango, kisha natikisa kichwa. Siwezi kumweleza. Nikipaza sauti ili asikie, atasikia na anayepita barabarani. Kusoma hajui, la sivyo ningemwandikia. Basi nanong'ona, naye haambulii kitu.

Leo amenishika mkono.

"Nimekukosea nini, mume wangu? Ukiwa nje unaniongelesha vizuri. Ukiwa ndani unaninunia."

Nikatikisa kichwa. Nikambusu kiganja.

"Sasa hivi redio yangu ni lile gari," akasema. "Bila hilo ningesahau una sauti ya namna gani."

Nitamweleza kesho. Nitamfunika shuka, niingie naye ndani, nimwambie sikioni kwa sauti: asitoke, lile tangazo si lake.

*Jumanne, 5 Mei*

Jua. Nilichelewa kurudi. Sikusema.

*Alhamisi, 7 Mei*

Jua. Askari walikaa kwenye kona jioni nzima. Sikusema.

*Jumamosi, 9 Mei*

Jua. Alikuwa amelala.

*Jumatatu, 11 Mei*

Naandika kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio nitapiga kelele.

Asubuhi Fundi alikuja ofisini kuleta barakoa alizoshonea manispaa. Nilifurahi kumwona. Hatujawahi kukutana mbali na nyumbani, na alikuwa amevaa koti la heshima lenye vifungo visivyofanana, yeye fundi wa nguo. Nilimtania kuhusu vifungo. Nikamwuliza kwa macho, naye akaniambia kwa macho kwamba bibi hajambo. Nakumbuka niliwaza: siku yoyote mvua itarudi, mambo yatapita.

Dereva aliingia akicheka.

"Msomi, leo umeniua mbavu. Hiyo sauti yako ina dawa. Tuko mtaa wa chini, mara anatoka bibi kikongwe, amependeza hasa, viatu, mkoba, kilemba. Anakuja moja kwa moja kwenye gari langu. Anagonga kioo. Nashusha. Ananiambia, 'Mwambie mume wangu nimekuja. Kaniita siku nyingi, nilidhani ananitania.'"

Sikumwangalia Fundi. Niliangalia barakoa mikononi mwake.

"Anachungulia ndani, anakutafuta! Mpaka viti vya nyuma. Nami nikamwambia, 'Bibi, mumeo yuko kwenye lile gari jeupe, nenda.' Akaenda. Akanishukuru kabisa, 'Ahsante, mwanangu.' Pale mlangoni akakohoa kidogo, wakampandisha, huyo—"

Fundi alikuwa amekaa chini. Si kwenye kiti. Sakafuni, na koti lake la heshima.

Dereva akamtazama, akanitazama mimi. Ule uso ambao sijawahi kuuona bila mzaha ulibadilika taratibu, kama kitambaa kinacholowa.

"Msomi," akasema kwa sauti ndogo. "Huyo ni nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake, kalamu mkononi.

Nilikuwa na maneno mengi. Nimesoma, maneno ndiyo kazi yangu. Nilichosema ni hiki:

"Alikuwa amevaa sweta?"

"Hapana," akasema dereva. "Hakuvaa sweta."

Simu ikalia. Nikapokea. Nikasema tumelipokea swali lako.

Nyumbani nimekuta kitanda kimetandikwa, sufuria imefunikwa, sweta liko kwenye msumari. Alijiandaa kama mtu anayekwenda harusini. Siku zote hizi nilimnong'oneza kaa, na gari likampigia kelele njoo. Yeye amesikia alichosikia.

*Jumanne, 12 Mei*

Fundi hakushona leo. Hakuna cha kuficha.

*Alhamisi, 14 Mei*

Nimeingia kwa Mama na kufunga mlango. Nimemwambia: yule bibi wa Jumatatu ni wangu, nilimficha, nataka kujua yuko wapi, kisha mnifanye mtakavyo. Fundi sikumtaja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Mama alivua miwani akaiweka mezani, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mwenye usingizi.

"Piga namba ya bure," akasema.

"Mama, namba ya bure naipokea mimi."

"Basi mwenyewe unajua."

"Lakini maswali unayapeleka juu."

"Nayapeleka. Na mimi huko juu wananijibu hivyohivyo: tumelipokea." Akasugua macho. "Dada yangu alichukuliwa wiki ya kwanza, karani. Unadhani mlango wangu huwa wazi ili nikupeleleze? Nasikiliza kama kuna yeyote atakayetaja kituo chake."

Nikaomba jambo moja: nirekodi tangazo upya, tuondoe neno "njoo".

Akavaa miwani yake. Akawa Katibu tena.

"Haiwezekani. Watu wanatoka kwa hiari kwa sababu ya hilo neno. Juu wamelisifu." Kisha akasema, akitazama karatasi, "Na ulichoniambia sijakisikia. Ukikirudia mbele ya mtu mwingine, italazimu nikisikie. Utashtakiwa, na watauliza nani alikusaidia. Rudi mezani kwako, mwanangu."

Nikarudi mezani kwangu.

*Jumamosi, 16 Mei*

Jua. Gari limepita mara mbili. Mara ya pili niliziba masikio, lakini mtu hawezi kujiziba sauti yake mwenyewe. Inatokea ndani.

*Jumatano, 20 Mei*

Siku hizi gari likifika mtaa wetu, sauti inakatika. Linapita kimya, kisha linaanza kuongea tena baada ya kona. Nilidhani mtambo umeharibika. Leo nimemwuliza dereva.

"Umeharibika," akasema. "Unaharibika hapo tu."

Amepungua. Hataniwi wala hatanii. Amewauliza wenzake wa magari meupe. Wanasema Jumatatu ile waliwashusha watu sehemu tatu: kwenye shule, kwenye ukumbi wa michezo, na kwenye ghala la nafaka, kutegemea wapi palikuwa na nafasi. Bibi yangu hawamkumbuki. Mmoja tu anakumbuka bibi aliyekuwa akiuliza kila kituo, "Ni hapa alipo?" lakini hakumbuki alishuka wapi.

"Niliyemwambia apande ni mimi, kaka," dereva akasema. Hajawahi kuniita kaka. Ni mkubwa kwangu. "Kwa mdomo wangu huu."

Nilitaka kumwambia kwamba aliitwa na mimi. Badala yake tulikaa kwenye ngazi za ofisi, umbali unaotakiwa kati yetu, mpaka simu ilipolia.

*Ijumaa, 22 Mei*

Fundi amekata sweta. Nilipiga kelele nilipomwona na mkasi. Kumbe ameshona mfuko wa ndani, mgongoni, wa kuweka daftari lisionekane. Hajaniuliza nimeandika nini. Ameniambia tu, "Kama umenitaja, usiniandike kuwa nilikuwa namtaka kweli." Kisha akaegemea cherehani akanipa mgongo kwa muda.

*Jumapili, 24 Mei*

Langoni mwa vituo wanapokea nguo za wagonjwa na chakula kikavu. Karatasi hawapokei, ujumbe hawapokei. Ghala, shule, ukumbi, sijui lipi. Sweta ni moja. Dereva ana ruhusa ya kufika getini, naye amesema atalipeleka mwenyewe popote nitakapochagua. Nimekaa kutwa nikichagua. Nimechagua kwenu kwa sababu moja isiyo na akili: kwenu ndiko karibu zaidi na barabara ambayo gari la matangazo hupita, na yeye angetaka kuwa karibu na gari.

Basi sikiliza, ndugu yangu usiyenijua.

Mtafute bibi mfupi mwenye kilemba, ambaye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Atakuita mwanangu kabla hujamsalimu. Atakuuliza mume wake yuko wapi. Usiandike kwamba amechanganyikiwa. Mume wake ni mimi. Mvalishe sweta. Inamia sikio la kulia na usinong'one, asilani usinong'one. Mwambie: mume wako anasema hakukuita, lile lilikuwa gari tu, na ukipona urudi nyumbani, atakusemesha mpaka uchoke.

Kisha piga namba ya bure, ile iliyobandikwa kwenye lango lenu. Piga asubuhi, Mama huwa kikaoni. Atakayepokea ni mimi, hakuna mwingine. Mazungumzo yananaswa, kwa hiyo usitaje mtu. Kama umemwona na yuko hai, uliza kama gari la matangazo litapita leo. Kama yupo mahali pengine, au hujamwona, sweta mpe yeyote anayetetemeka, nawe usipige. Na kama alikuwepo na sasa hayupo tena, uliza kama mvua itanyesha.

Lolote utakalouliza, nitakujibu kama ninavyowajibu wote: "Tumelipokea swali lako. Tutakujulisha. Usiogope." Usidhani sijakuelewa. Na nikishamaliza kusema, usikate haraka. Kaa hapo upande wako, kimya, mpaka nikate mimi.